Boksi la Filamu za Mwongozaji Mmoja: Namna ya Kulipima Kabla ya Kulilipia

Boksi kubwa lenye jina la mwongozaji ubavuni linauza vitu viwili kwa mkupuo: filamu zenyewe, na ile raha ya kusema "ninazo zote". Filamu zinapimika. Ile raha ndiyo inayowafanya watu wafungue pochi kabla hawajasoma nyuma ya kasha.

Msimamo wangu nautaja mapema: boksi halihukumiwi kama kitu kimoja. Linahukumiwa diski kwa diski. Ukilipangua hivyo, mara nyingi utakuta filamu nne utakazozirudia mpaka uzeeni, tatu za kutazama mara moja, na mbili ambazo hata mwongozaji mwenyewe asingependa kuulizwa habari zake. Swali ni kama zile nne zinaweza kubeba bei ya zote.

Hatua ya 1: Andika orodha yako kabla ya kusoma yao

Chukua karatasi, uandike filamu za mwongozaji huyo unazozitaka, bila kutazama boksi lina nini. Utaratibu huu una maana. Ukianza na orodha ya muuzaji, kila jina litaonekana kama pengo katika maisha yako. Ukianza na yako, utajua njaa yako ni ya nini hasa.

Kisha linganisha orodha mbili hizo na uweke alama mbele ya kila filamu iliyomo ndani: ninayo, naitaka, nina shauku tu, siitaki. Sasa piga hesabu. Tuseme boksi lina filamu 10 na bei yake ni 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Tangazo litakwambia kila filamu ni 10. Lakini kama tatu unazo na tatu huzitaki, umebaki na nne, na kila moja inakugharimu 25. Kama diski moja moja zinauzwa 15, zile nne utazipata kwa 60, na 40 zitabaki mfukoni. Ukidhani utaziuza zile tatu za zamani ili kufidia, kuwa mkweli: nakala zilizokwisha kutolewa katika toleo jipya huuzwa kwa bei ya kutupa. Weka 5 kila moja, si 12.

Zile za "shauku tu" ndizo ngumu. Mimi huzihesabu kwa nusu ya thamani, kwa sababu faida halisi ya boksi iko hapo: linakulazimisha kukutana na kazi ambayo usingeinunua peke yake. Filamu za awali za mwongozaji, zile alizotengeneza akiwa bado anatafuta mkono wake, mara chache watu huzinunua moja moja. Ndani ya boksi zinatazamwa.

Hatua ya 2: Tafuta kisichokuwemo

Waongozaji wengi walifanya kazi na studio zaidi ya moja, na haki za filamu hubaki kwa studio. Kwa hiyo boksi hufuata mikataba. Boksi la Stanley Kubrick lililotolewa na studio ya Warner mwaka 1999 lilikuwa na filamu saba; Spartacus na Paths of Glory hazikuwemo, na si kwamba mtu alizisahau. Zilikuwa katika mikono mingine.

Pungufu si lazima liwe baya. Boksi dogo la Ousmane Sembène lililotolewa na Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwa diski, mwaka 2024 lina filamu tatu tu, Emitaï, Xala na Ceddo, zote za miaka ya 1970. La Noire de... na Mandabi, nazo zake, zilikuwa zimeshatolewa peke yake kabla ya hapo. Aliyekuwa nazo hakulipia kitu mara mbili. Aliyekuwa hana alijua aanzie wapi. Hilo ni boksi lililopangwa na mtu aliyemfikiria mnunuzi.

Linganisha na boksi kubwa kabisa, kama lile la Ingmar Bergman la mwaka 2018, mwaka ambao angetimiza miaka 100: filamu 39 katika diski 30 za Blu-ray, zile zenye picha kali kuliko DVD. Hapo swali linageuka. Hakuna anayependa filamu 39 kwa kiwango kimoja. Unanunua rafu nzima ya maktaba, na unapaswa kujiuliza kama una miaka ya kuisoma.

Hatua ya 3: Je, deki yako itaicheza?

Hapa pamewaliza wengi, hasa wanaoagiza kutoka nje.

DVD zimegawanywa kwa namba za kanda. Kanda ya 1 ni Marekani na Kanada. Ya 2 ni Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. Ya 4 ni Australia na Amerika ya Kusini. Ya 5 inachukua sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. Diski yenye alama ya 0 au ALL huchezwa popote. Blu-ray ina herufi tatu: A kwa mabara ya Amerika, Japani na nchi za Asia ya Mashariki, B kwa Ulaya, Afrika na Australia, C kwa China, Urusi na India. Diski za 4K Ultra HD, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, hazina kanda, zinachezwa kokote palipo na deki yake. Ila angalia: boksi la 4K mara nyingi hubeba pia diski za Blu-ray za kawaida, na hizo zinaweza kuwa na kufuli la kanda. Kibaya zaidi, nyongeza mara nyingi huwa zimewekwa kwenye diski hizo.

Mashine za michezo nazo zichunguze. PS4 inacheza Blu-ray lakini haisomi diski ya 4K. Xbox One S na PS5 yenye nafasi ya diski zinaisoma. Na kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wakubwa wamejiondoa, kama Samsung ilivyotangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta tena deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani, ukiwa na deki nzuri itunze.

Hatua ya 4: Picha

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Boksi lenye filamu bora na picha mbovu ni hasara utakayoilipa mara mbili, kwa sababu mwishowe utanunua tena.

Lile boksi la Kubrick la 1999 ni somo zuri. Lilitoka miezi michache baada ya kifo chake, Machi mwaka huo. Watu walilikimbilia. Kumbe picha nyingi zilitokana na nakala zilizoandaliwa zamani kwa ajili ya laserdisc, zile diski kubwa zilizotangulia DVD, na sauti nyingi zilikuwa mono, yaani za njia moja tu. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 2001 Warner ikatoa boksi jingine, picha zikiwa zimetengenezwa upya na likiwa na filamu ya maisha yake ndani. Mwaka 2007 filamu kadhaa zikatoka tena, safari hii kwa umbo pana. Aliyenunua mapema kila mara alilipia The Shining mara tatu.

Mambo ya kuangalia ni haya.

Umbo la fremu kwanza. Nyuma ya kasha tafuta namba kama 1.37, 1.66, 1.85 au 2.35. Huo ni upana wa picha ukigawanywa kwa urefu wake wa kwenda juu. Linganisha na namba ambayo filamu ilionyeshwa nayo sinema. Ikitofautiana, kuna kilichokatwa au kilichoongezwa. Kilichoongezwa nacho ni tatizo: katika toleo la 4:3 la The Shining, yaani umbo la televisheni za zamani, kwenye ile safari ya angani ya mwanzo, panga za helikopta iliyobeba kamera zinachungulia juu ya fremu. Sinema hukuziona kwa sababu sehemu hiyo ilifunikwa wakati wa kuonyesha.

DVD za zamani zina ugonjwa mwingine. Picha pana iliwekwa ndani ya fremu ya 4:3, weusi ukiwa juu na chini. Kwenye televisheni ya sasa unapata picha ndogo iliyozungukwa na weusi pande zote nne. Filamu ya 2.35 iliyowekwa hivyo kwenye DVD ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, inatumia mistari kama 272 tu kati ya 480. DVD iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni pana inatumia kama 363. Ukiona kwenye kasha maneno yanayosema picha imeandaliwa kwa televisheni za 16:9, hiyo ni salama. Ukiona upana wa picha umetajwa lakini 16:9 haitajwi popote, shuku.

Muda wa filamu unasema mengi pia. Sinema inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, zinakwenda kwa 25, kwa hiyo filamu ya dakika 120 inamalizika kwa dakika 115 na sekunde chache. Hakuna kilichokatwa, imeharakishwa, na sauti za watu zimepanda kidogo, isipokuwa kama ilirekebishwa. Mwenye sikio la muziki atalisikia hilo hasa kwenye filamu yenye nyimbo anazozijua. Lakini Blu-ray kwa kawaida inacheza fremu 24. Ukikuta ya dakika 120 imeandikwa 115 kwenye Blu-ray, hapo uliza: huenda ni picha ya zamani ya PAL iliyohamishwa, au kweli kuna mkasi uliopita.

Usichanganye ukarabati na diski. Kasha linaweza kuandika kwamba filamu imekarabatiwa kwa 4K, na ni kweli, negativu iliskaniwa kwa 4K, lakini diski iliyomo ndani ni Blu-ray ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080. Si udanganyifu, na skani nzuri bado inaonekana hata kwa kiwango hicho. Ila kama unalipa kwa kudhani unapata pikseli 3840 kwa 2160, tafuta nembo ya Ultra HD yenyewe.

Halafu punje. Filamu iliyopigwa kwa mkanda ina punje zake, zinacheza taratibu kwenye kuta na anga. Baadhi ya watayarishaji huzisafisha kwa programu ili picha ionekane mpya. Pata picha za fremu zilizotolewa kwenye diski yenyewe, tovuti za wapenzi wa diski zimejaa, kisha tazama uso wa mtu wa makamo uliopigwa kwa karibu. Ukiona mikunjo chini ya macho imefutika, ndevu fupi zimekuwa kivuli tu, na kitambaa cha koti hakina nyuzi, ujue programu imepitishwa kwa nguvu. Angalia pia ukingo wa bega dhidi ya anga jeupe: mstari mweupe mwembamba ukilifuata bega, mtu ameongeza makali kwa mashine.

Rangi ni jambo la ubishi. Boksi la Wong Kar Wai la mwaka 2021 lilikuja na filamu zilizokarabatiwa chini ya usimamizi wake, baadhi zikiwa na rangi tofauti na hata umbo tofauti la fremu. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba si filamu zile zile. Sasa chagua: unataka alichokiona mtazamaji siku ya kwanza, au anachokitaka mwongozaji miaka ishirini baadaye? Kwangu mimi, boksi zuri lingeweka vyote viwili. Likikupa kimoja tu, na nakala ya zamani unayo, usiiuze.

Mwisho wa hatua hii, hesabu diski. Blu-ray ya tabaka mbili ina GB 50. Filamu ya saa mbili inayopewa megabiti 30 kwa sekunde inakula GB 27 kwa picha peke yake. Filamu mbili kwenye diski moja ya GB 50 zinabanana lakini zinaishi. Filamu mbili kwenye diski ya GB 25 hazifiki hata megabiti 14, na kwenye matukio ya moshi, mvua au giza utaona vijiraba. Kwa hiyo boksi la filamu 8 katika diski 4 si lazima liwe baya, ila linahitaji maelezo.

Hatua ya 5: Sauti na manukuu

Filamu iliyotengenezwa kwa mono iwe na mono yake. Sauti ya 5.1, ya spika sita zinazomzunguka mtazamaji, iliyobuniwa baadaye iwe ya hiari. Mara nyingine milio ya milango na bunduki hubadilishwa na mipya, na filamu ya 1955 inaanza kulia kama ya juzi.

Manukuu yachunguze kwa swali moja: yanatafsiri lugha waliyoongea waigizaji, au yamenakili maneno ya toleo lililoingiziwa sauti za lugha nyingine? Haya ya pili ni uvivu. Utayatambua pale mtu anaposema neno moja na maandishi yanatoa sentensi nzima. Na usidhani manukuu ya lugha yako yamo kwenye kila diski kwa sababu yamo kwenye ile ya kwanza. Kwenye nyongeza mara nyingi hayamo kabisa.

Hatua ya 6: Nyongeza, na mtego wake

Mahojiano, sauti ya mchambuzi inayokwenda sambamba na filamu, vipande vilivyoachwa, kijitabu: watu wengine hawavigusi kamwe. Kama ni wewe, visikupandishie bei. Mimi hutenganisha aina mbili. Kuna nyongeza za matangazo, waigizaji wakisifiana kwa dakika kumi, hizo hesabu ni sifuri. Na kuna zile ambazo hazipatikani popote pengine: filamu fupi ya mwanafunzi, picha za nyuma ya kamera, mpiga picha akieleza alivyoweka taa. Moja ya namna hiyo inaweza kuzidi filamu moja dhaifu ndani ya boksi.

Mtego ni kudhani boksi lina kila kilichokuwa kwenye matoleo ya moja moja. Desemba 2009 Criterion ilitoa boksi la DVD la filamu 25 za Akira Kurosawa. Zuri kulishika, lenye kitabu, lakini diski hazikuwa na nyongeza zilizokuwa kwenye matoleo yake ya peke yake. Kilichowavuta wengi ni filamu nne za mwanzoni ambazo zilikuwa bado hazijatoka kwa DVD Marekani. Mwaka uliofuata nne hizo zikauzwa kwenye kijiboksi chao, na mwaka huohuo Seven Samurai ikaja kwa Blu-ray. Aliyesubiri miezi michache alipata alichokitaka kwa sehemu ndogo ya bei, na picha bora juu yake.

Hatua ya 7: Kasha lenyewe

Pitia haraka, lakini usiruke. Maboksi ya kifahari hupenda kuweka diski kwenye mifuko ya kadibodi iliyobana. Kila unapoivuta, uso wa chini unakwaruzana na karatasi, na gundi ya pembeni ikiachia huacha ute kwenye diski. Kitovu cha plastiki ni bora, mradi meno yake yaachie diski ukibonyeza katikati. Ukilazimika kuipinda ili itoke, siku moja itapasuka kuanzia kwenye tundu. Uliza pia kama diski moja ikiharibika unaweza kupata mbadala, au ndiyo basi. Hiki ndicho kilema kikubwa cha boksi: diski ya saba ikifa, huuziwi ya saba peke yake.

Hatua ya 8: Boksi, moja moja, au mtandaoni?

Mtandaoni ni rahisi kwa kujaribu. Kabla ya kulipia boksi, tazama filamu mbili za mwongozaji huyo kwa njia hiyo, moja mashuhuri na moja isiyojulikana. Ile isiyojulikana ikikuchosha, boksi si lako. Nunua ile mashuhuri, uende zako. Lakini usiuamini mtandao kama ghala. Filamu huondolewa mkataba ukiisha, na huchagui toleo gani unaletewa.

Moja moja inakupa uhuru wa kuchagua toleo bora la kila filamu, hata kutoka kwa watoaji tofauti. Boksi linashinda katika hali tatu: pale filamu nyingi ndani yake hazipatikani kwingine, pale zaidi ya nusu ziko kwenye orodha yako ya Hatua ya 1, au pale ukarabati wote umefanywa upya kwa mpigo mmoja.

Kuhusu wakati wa kununua: maboksi mengi huja na kumbukumbu. La Bergman lilifuata miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, na la Federico Fellini la 2020 vilevile. Agnès Varda alifariki 2019, na boksi lake likatoka 2020. Ukiona tarehe ya namna hiyo inakaribia, usinunue boksi la zamani kwa bei kamili. Na boksi jipya likitoka, wape wahakiki wiki chache. Makosa ya diski, kama sauti isiyoendana na midomo au fremu zilizoruka, hugunduliwa na wanunuzi wa kwanza, na watoaji makini hubadilisha diski hizo.

Hatua ya 9: Likiwa la mtumba, na siku linapofika

Omba picha ya kila diski upande wa chini, chini ya mwanga, si picha ya kasha. Muuzaji anayetuma kasha tu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Diski ya kiwandani kwa kawaida ina uso wa fedha au wa dhahabu. Ukiona zambarau au kijani, hiyo imechomwa kwenye kompyuta. Kwa DVD za Warner zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 ongeza umakini: kampuni yenyewe ilikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya zile za kipindi hicho zinaoza kabla ya wakati. Kuoza hakuonekani daima kwa macho. Diski inaweza kung'aa na bado ikakwama.

Ndiyo maana boksi likifika, jipya au la zamani, usilipandishe kwenye rafu. Angalia muda wa kurudisha bidhaa, kisha ingiza kila diski, hata zile ambazo huna mpango wa kuzitazama mwaka huu. Kuona menyu hakutoshi. Diski ya tabaka moja husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoumia kwanza, kwa hiyo ruka hadi robo ya mwisho ya filamu na uiache icheze dakika tano. Kwenye DVD ya tabaka mbili, jaribu pia katikati ya filamu, mahali picha inaposita kidogo deki inapohama tabaka. Ikisita na kuendelea, ni kawaida. Ikisita na kubaki hapo, funga boksi, tunza risiti, na uandike kwa muuzaji siku hiyohiyo ukitaja namba ya diski na dakika ilipokwama.